SOMO: MZEE ASIYELALA USIKU

Mafungu ya kusoma nyumbani: Mhubiri 12:1-7, 1 Wafalme 19:1-8, Danieli 6:16-23, 1 Samweli 3:1-10.

Kusudi la somo: Wazee wetu wajue kwa nini usingizi unawakimbia, na mambo gani wanaweza kufanya. Tena jamaa zao wajue namna ya kuwasaidia, pasipo kuwashitaki.



Somo hili linatoka katika maulizo ambayo wazee wanatuuliza mara nyingi nyuma ya ibada. Mmoja anasema: "Mchungaji, mimi ninalala saa mbili ya usiku, na saa saba macho yamekwisha kufunguka. Tangu hapo ninahesabu mabati ya nyumba mpaka jogoo anawika." Mwingine anasema: "Moyo unapiga mbio bila sababu. Ninafikiri watoto, ninafikiri deni, ninafikiri kaburi." Na mwingine tena anauliza kwa sauti ya chini: "Ni Mungu ananiamsha, ao ni adui?" Maulizo haya si madogo. Tuyaangalie moja moja.

I. JAMBO LILILOTOKEA KWETU

Tuanze na habari ya kweli. Mama mmoja mjane, mwenye kupita miaka 70, alikuwa akikaa katika nyumba ya mtoto wake mwanaume. Kila usiku alitoka chumbani, akaketi juu ya kiti katika lupango, akijifunika kitenge. Wajukuu wakamwona. Majirani nao wakamwona. Halafu mtoto mchanga wa nyumba ile akagonjwa homa, na maneno yakaanza: "Nkambo halali. Anafanya nini inje usiku, wakati watu wote wanalala?"

Maneno yakafika mpaka kanisani. Kikao kikafanyika. Mtu mmoja akasema kwamba ameonyeshwa katika maono ya kuwa ndani ya nyumba ile kuna mulozi mwenye mvi. Mimi ninayeandika somo hili nilikuwa katika kikao kile. Sikuamini, lakini nilinyamaza. Niliogopa wataniambia kwamba ninapinga maono. Leo ninaungama mbele yenu: kunyamaza kwangu kulikuwa kosa.

Walikuwa wamekwisha kumfungia mama yule vitu vyake ndani ya mufuko, kusudi arudishwe kijijini fasi asipokuwa na mtu. Ndipo dada mmoja wa kanisa, anayefanya kazi ya kuuguza katika kituo cha afya, akamwuliza neno moja ambalo sisi wote hatukumwuliza: "Mama, kwa nini haulali?" Mama akajibu: "Mwanangu, nikilala chali, pumzi inakatika. Nikiketi, inarudi." Dada akamwangalia miguu: imevimba. Akamfinya kwa kidole, na shimo likabaki. Wakampeleka kwa munganga. Moyo wake ulikuwa umechoka, na maji yalikuwa yanajaa katika mapafu kila alipolala. Wakampa dawa, wakamwonyesha kulala na kichwa juu. Nyuma ya siku chache mama alilala kitandani. Na mtoto mchanga? Alikuwa na malaria, akatunzwa, akapona.

Ndugu, tungalimtupa mama yetu kwa sababu ya ugonjwa wa moyo. Mshike habari hii katika mawazo yenu wakati tunapoendelea.

II. USINGIZI WA MZEE SI USINGIZI WA KIJANA

Mhubiri, katika sura ya 12, anaeleza uzee kwa mifano: macho yanafifia, meno yanapunguka, na mtu anaamka kwa sauti ya ndege mdogo tu. Mwandishi yule wa zamani aliona vizuri jambo ambalo waganga wanalithibitisha leo. Usingizi wa mzee ni mwepesi. Usingizi mzito wa ujana unapunguka mwaka kwa mwaka. Saa ya mwili inasogea mbele: usingizi unakuja mapema, na unaondoka mapema.

Kwa hiyo, mzee anayelala saa mbili ya usiku na kuamka saa tisa amekwisha kulala saa saba. Hizo zinamtosha. Si mgonjwa. Shida yake ni hii tu, kwamba alilala mapema sana, na sasa anataka kulala mpaka kumi na mbili kama mjukuu wake. Kama angengoja saa nne ya usiku ndipo alale, angeamka karibu na mapambazuko.

Kuamka mara moja ao mara mbili kwa kukojoa ni jambo la kawaida katika uzee. Lakini kama ni mara nne, mara tano, hapo tutafute sababu.

III. MAMBO YANAYOFUKUZA USINGIZI

1. Magonjwa ya mwili. Maumivu ya magoti na mgongo. Ugonjwa wa sukari, ambao unaleta kiu na mikojo mingi. Kwa wanaume, kivimbe cha chini ya kibofu kinachozuia mkojo kutoka vizuri. Moyo uliochoka, kama wa mama yule. Kikohozi. Kukoroma kwa nguvu na pumzi kusimama katikati ya usingizi, halafu mtu anashtuka kama aliyekabwa.

2. Vitu tunavyokula na kunywa. Kahawa ya saa kumi ya mchana inaweza kuwa bado katika damu saa nne ya usiku, maana mwili unaiondoa polepole. Chai kali na makasu vilevile. Juu ya pombe, wengine wanasema: "Kikombe kimoja kinanilaza." Ni kweli inaleta usingizi, lakini katikati ya usiku inauvunja, na mtu anaamka na moyo unaopiga. Tumbako nayo inaamsha mwili.

3. Dawa zenyewe. Kuna dawa za tansio zinazokojoza sana. Mtu akizinywa jioni, atakesha mlangoni. Usiache dawa, lakini uliza munganga kama unaweza kuinywa asubuhi.

4. Mchana bila kazi. Mzee anayesinzia juu ya kiti tangu saa sita mpaka saa kumi amekwisha kula usingizi wa usiku.

5. Wasiwasi na huzuni. Tuseme neno hili wazi, maana wazee wetu wanaona haya kulisema. Wengi walibeba mizigo mikubwa. Katika Katanga, mwaka wa 2003, watumishi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliacha kazi kwa wakati mmoja katika mpango ulioitwa kuondoka kwa mapenzi. Walikuwa watu waliofanya kazi miaka 25 na zaidi, na siku moja hakukuwa tena king'ora cha kuwaamsha, wala mshahara wa kulipa masomo. Katika Goma, volkano ya Nyiragongo ilipasuka tarehe 17 Januari 2002, na tena jioni ya tarehe 22 Mei 2021. Kuna wazee kule ambao tangu siku zile wanalala na nguo za kutembea, viatu karibu na mlango. Wengine walikimbia vita mara mbili, mara tatu, na mlio mdogo wa usiku unawasimamisha. Wengine walizika watoto wao. Mwili wa mtu wa namna hii umejifunza kulinda usiku. Si upungufu wa imani. Ni mlinzi ambaye hakuna mtu aliyemwambia kwamba zamu imekwisha.

IV. WATU WA MUNGU NAO WALIKOSA USINGIZI

Wengine wanafundisha kwamba mtu mwenye imani halali vibaya. Maandiko hayasemi hivi. Mfalme Dario, katika Danieli 6, alikuwa na jumba na vitanda vizuri, lakini usiku ule Danieli alipokuwa katika tundu la simba, mfalme hakula wala hakulala. Kitanda kizuri hakikumsaidia, maana moyo wake ulijua kosa alilofanya. Hapa tunajifunza jambo moja: kama kuna neno lisilotengenezwa kati yako na ndugu yako, uende ulitengeneze mchana. Usiliache likungoje juu ya mto wa kulalia.

Eliya alikuwa nabii mkubwa. Katika 1 Wafalme 19 tunamwona amekaa chini ya mti, amechoka na woga, anaomba kufa. Tuangalie vizuri Mungu alimfanyia nini. Hakumkemea. Hakumwambia afunge tena siku tatu. Alimwacha alale. Malaika akamwamsha, akampa mkate na maji. Akalala tena, akaamshwa mara ya pili, akala. Nyuma ya hayo tu ndipo safari ya siku 40 ilianza. Mungu alianza na mwili wa mtumishi wake: chakula, maji, usingizi. Sisi tunaotaka kusaidia mtu mwenye woga, tuanze fasi ile Mungu alipoanzia.

V. MAMBO YA KUFANYA

Katika mwaka wa 2016, chama kimoja kikubwa cha waganga wa Marekani wanaotunza magonjwa ya ndani kilishauri kwamba mtu mzima mwenye kukosa usingizi kwa muda mrefu atunzwe kwanza kwa kubadili desturi na mawazo yake, mbele ya kupewa vidonge. Hii ni habari njema kwetu, maana desturi hazinunuliwi na franka. Shauri lenyewe linafanywa hivi:

Kwanza, amka saa moja ileile kila siku, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Usibaki kitandani kutafuta kile kilichopotea.

Pili, toka inje asubuhi. Nuru ya jua inatengeneza saa ya mwili. Tembea mpaka kwa jirani, mwagilia mboga, fagia lupango, fundisha wajukuu kazi ya mikono. Mhubiri anasema katika sura ya 5 kwamba usingizi wa mtu wa kazi ni mtamu, na ni kweli.

Tatu, usingizi wa mchana uwe mfupi, nusu saa tu, tena mbele ya saa tisa.

Ine, kahawa na makasu viishie saa sita ya mchana. Punguza maji ya kunywa saa mbili mbele ya kulala, lakini mchana kunywa ya kutosha.

Tano, usiende kitandani mpaka usingizi umekuja. Na kama umelala, na wakati kama wa dakika ishirini umepita macho wazi, usipigane. Ondoka, keti fasi nyingine ndani ya nyumba, pasipo mwanga mkali wala telefone. Omba polepole, ao tafakari neno. Macho yakianza kuwa mazito, rudi. Fanya hivi hata mara tatu kwa usiku mmoja. Siku za kwanza ni ngumu. Nyuma ya majuma machache mwili unaanza kujua tena kwamba kitanda ni cha kulala, si cha kuhangaika.

Sita, upe wasiwasi saa yake. Saa kumi ya mchana, keti na kalamu, ao na mtu unayemwamini. Andika yote yanayokusumbua: deni, ugonjwa, mtoto aliye mbali. Mbele ya kila neno andika jambo moja unaloweza kufanya kesho. Lile lisilo na jambo la kufanya, lilete mbele ya Mungu kwa jina lake. Usiku likirudi, uliambie: "Wewe umekwisha kuandikwa."

Saba, moyo ukipiga mbio, vuta pumzi kwa pua polepole, halafu itoe polepole zaidi kuliko ulivyoivuta. Endelea dakika tano. Mwili utatulia, na maombi yako nayo yatatulia.

Sasa maonyo mawili makubwa.

Onyo juu ya vidonge. Wengi wananunua Valium sokoni, kidonge kimoja kimoja, bila karatasi ya munganga. Kwa mzee dawa hii inakaa mwilini siku nyingi. Inaleta kizunguzungu, kuanguka na kuvunjika mfupa wa nyonga, na mawazo kuchanganyikana. Kiisha mwili unaizoea, unaiomba kila siku. Lakini wewe uliyekwisha kuizoea, usiiache ghafula, maana hiyo nayo ni hatari. Enda kwa munganga, akupunguzie kidogo kidogo.

Onyo juu ya mbabula. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, wazee wengine wanaingiza mbabula yenye makala ndani ya chumba na kufunga dirisha kusudi wapate joto. Hewa ya makala haina harufu, na inaua mtu katika usingizi. Ota moto inje, halafu ingia na blanketi. Mbabula ibaki inje.

VI. WAKATI GANI KWENDA KWA MUNGANGA

Usingoje kama unaona moja ya mambo haya: pumzi inakatika ukilala, miguu inavimba, unakojoa mara nyingi na kiu haiishi, kifua kinauma, mwenzako anasema pumzi yako inasimama usiku, majuma mawili yamepita na unaamka na machozi, chakula hakina ladha, unatamani kufa. Hili la mwisho ni ugonjwa pia, na lina dawa. Usilifiche. Ambia mtu leo.

Tena, kama mzee aliyekuwa na akili njema jana anaanza ghafula kusema maneno yasiyoeleweka, kuona watu wasiokuwako, ao kutojua nyumba yake, msikimbilie kutafuta pepo. Mara nyingi ni malaria, ugonjwa wa mkojo, upungufu wa maji mwilini, ao dawa alizokunywa. Mpelekeni siku ileile. Maombi yamfuate njiani. Yasimcheleweshe nyumbani.

VII. NENO KWA JAMAA NA KWA WENYE KUPATA MAONO

Sasa tunarudi kwa mama yule wa kiti. Katika mikoa yetu wazee wameshitakiwa, wamefukuzwa, wengine wameuawa, kwa sababu walionekana usiku. Tuseme wazi: mtu asiyelala si mulozi. Mzee anayetembea usiku katika lupango anaweza kuwa na ugonjwa wa kusahau, ambao unageuza mchana kuwa usiku. Mzee anayepiga makelele na kurusha mikono akiwa katika usingizi anaweza kuwa na ugonjwa wa ubongo unaofanya mwili ufuate ndoto. Haendi popote. Anaota tu. Mzee anayeongea peke yake pengine anaongea na mume wake aliyezikwa.

Ninyi mnaopata maono, ninawaomba kwa heshima: mbele ya kutaja mtu, mtu yule aangaliwe kwanza na munganga. Ono la kweli halitaogopa kungoja majuma mawili. Lakini jina la mzee likikwisha kuchafuliwa, nani atalisafisha?

Kumbukeni mtoto Samweli na mzee Eli. Usiku ule mtoto alimwamsha mzee mara tatu. Eli hakumfukuza. Alisikiliza, akafikiri, akamwonyesha njia. Kama mzee alimvumilia mtoto mara tatu katika usiku mmoja, sisi watoto tutashindwa kuvumilia mzee?

Kwa hiyo, fanyeni hivi nyumbani. Wekeni chombo cha kukojolea karibu na kitanda, na torshi, kusudi asianguke. Ondoeni mawe na ndoo katika njia yake. Msimwache peke yake mchana kutwa. Mpeni kazi inayomstahili, maana mzee asiyeulizwa neno siku nzima, usiku atajiuliza yote. Na ninyi viongozi wa mikesha: mzee mgonjwa arudi nyumbani saa tatu. Mungu atapokea sehemu yake. Matanga nayo, kama mziki unalia usiku tatu mfululizo karibu na dirisha la mgonjwa, tujue kwamba tunaomboleza mfu mmoja na kumchosha mwingine.

KUMALIZA

Mama yule bado anakuja ibadani. Sasa ana karibu miaka 80. Siku moja nilimwendea, nikamwambia juu ya kunyamaza kwangu katika kikao kile. Aliniangalia sana, akasema: "Baba, usiku ule nilikuwa ninasikia ninyi mnaongea. Nilikuwa ninangoja sauti moja tu iseme hapana." Sikupata la kujibu. Ndiyo sababu nimeandika somo hili.

Wazee wetu, usiku si adui yenu. Ninyi jamaa, mkimwona mzee ameketi gizani, msipite mbio. Kaeni karibu naye, mmwulize lile neno moja: "Kwa nini haulali?" Halafu mmsikilize mpaka mwisho.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yetu, nani halali vizuri? Tumekwisha kumwuliza sababu?
2. Mungu alimfanyia Eliya jambo gani la kwanza? Sisi tunaanza na nini?
3. Ni desturi gani moja tunayoweza kubadili juma hili?
4. Kama mzee wa kanisa letu akishitakiwa kesho, nani kati yetu atasema hapana?

Bwana awape wote usingizi wa amani. Amina.